Dunwich, pwani ya Suffolk: mji uliomezwa na bahari, au mji ulioachwa ufe?

#1 Matlai

Salaam wakuu.

Niko Ipswich, mashariki ya Uingereza, mwaka wa sita sasa, kazi yangu ni kutunza wazee. Jumapili iliyopita mwenzangu wa kazini alinipa lifti mpaka kijiji kimoja cha pwani kinaitwa Dunwich. Kuna mtaa mmoja, kanisa moja, nyumba ya wageni yenye baa, makumbusho madogo, na mgahawa wa samaki na chipsi karibu na maji. Wakazi hawafiki 200. Ukipita unasinzia hujui kama umepita kijiji.

Sasa ingia makumbusho. Wameweka mfano wa mji ulivyokuwa enzi zake: makanisa, nyumba za watawa, nyumba zimebanana, bandari. Nikamuuliza mama anayepokea wageni, huu mji uko upande gani tuukaone? Akanyoosha mkono kuelekea baharini.

Tukapanda juu ya gema. Njia ni nyembamba, inapita kwenye vichaka, na kando yake kuna jiwe la kaburi la mtu aliyefariki mwaka 1796. Ni hilo moja tu. Pale palikuwa na makaburi ya kanisa la Watakatifu Wote. Wenzake wote wameshaporomoka na gema, yeye kabaki peke yake, na kutoka kwenye jiwe lake mpaka ukingoni ni hatua chache mno. Nilisimama pale nikamwombea, maana sijui nani mwingine anamwombea. Baadaye tuliposhuka ufukweni niligusa lile gema kwa mkono. Ni mchanga mtupu wa rangi ya kutu. Ukiukwaruza kwa kidole unamiminika kama mtama unaotoka kwenye debe lililotoboka.

Nilichoambiwa ni kwamba mji ule ulikuwa mkubwa sawa na London, na ulimezwa na bahari usiku mmoja wa dhoruba mwaka 1286. Tangu nirudi sijatulia. Mji mzima unaondokaje watu wakiwa wanautazama? Wajuzi naomba mnisaidie.

#2 Dira

Picha mkuu. Uzi kama huu bila picha ni pilau bila nyama.

#3 Kitabu Wazi

Asante kwa mada, Matlai. Nimeisoma sana historia ya Dunwich, kwa hiyo niruhusu nisahihishe mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

La kwanza, London. Wanaolinganisha huwa wanalinganisha eneo la ardhi, si idadi ya watu. Kwa eneo, mji wa kale wa Dunwich unakaribia ule mji mkongwe wa London wa wakati huo. Kwa watu hapana, London iliuacha mbali. Lakini usiudharau: sensa ya mali ya mwaka 1086 aliyoiamuru mfalme William, ile iliyoandikwa kwenye Kitabu cha Domesday, inaonyesha makanisa matatu, na wanahistoria wanakadiria watu kama 3,000. Kwa Uingereza ya siku zile huo ni mji wa kundi la juu kabisa.

La pili, "usiku mmoja". Hapana. Zilipiga dhoruba kubwa majira ya baridi ya 1286 na 1287, ikapiga nyingine Januari 1328, mwaka 1347 zikaondoka nyumba kama 400, halafu Januari 1362 ikaja ile iliyozamisha watu pande zote za Bahari ya Kaskazini, mpaka mji wa Rungholt huko Ujerumani ukapotea. Na bado Dunwich haikuisha. Kanisa la Watakatifu Wote, hilo ulilosimama kwenye makaburi yake, lilianza kuanguka 1904 na mnara wake ukaanguka 1919. Hesabu mwenyewe: kutoka 1286 mpaka 1919 ni miaka zaidi ya 600. Huo ni ugonjwa wa muda mrefu.

#4 Nahodha Mstaafu

Nimekaa baharini miaka 31, kwa hiyo nitasema kwa jicho la bahari.

Hesabu za Kitabu Wazi hapo #3 sina ubishi nazo. Lakini wote mnatazama gema wakati mji wa bandari haufi kwa gema, unakufa kwa mlango. Ramani ya zamani ya pale iko hivi. Mto Blyth ulikuwa ukishuka kutoka kaskazini, umetenganishwa na bahari na ulimi mrefu wa kokoto uliokuwa ukiitwa Kingsholme, na ulikuwa ukitokea baharini palepale Dunwich. Nyuma ya ulimi ule maji yametulia, chombo kinatia nanga bila wasiwasi. Ndiyo bandari yenyewe hiyo.

Sasa pwani ile upepo mbaya ni wa kaskazini mashariki. Unasukuma mawimbi kwa mshazari, na kila wimbi linasogeza kokoto kidogo kwenda kusini. Ulimi unarefuka. Ikija dhoruba kali unarefuka kwa usiku mmoja kuliko ulivyorefuka kwa miaka kumi, mlango unazibwa. Ndicho kilichotokea 1286 na 1287. Watu wakahangaika kuufungua. Ikaja ya 1328, mlango ukaziba moja kwa moja, na mto ukajitafutia njia nyingine kaskazini, upande wa Walberswick. Meli zikaufuata mto. Ushuru ukafuata meli.

Nyumba iliyoanguka unaijenga tena nyuma kidogo ukiwa na hela. Bandari ikiondoka, hela unaitoa wapi?

#5 Kijana wa Kigoma

Nahodha umenifungua macho. Swali dogo: hao watu wa Dunwich walikuwa wanaishi kwa biashara gani hasa?

#6 Matlai

@Kijana wa Kigoma samaki, ndugu yangu. Heringi. Ana magamba ya fedha, jamaa wa dagaa wenu wa ziwani, ila yeye ni mkubwa, anajaza kiganja na kupita. Wanamtia chumvi, wanamkausha kwa moshi, anakaa miezi. Wazee ninaowatunza wanampenda asubuhi na mkate wa siagi, nyumba nzima inanukia moshi. Makumbusho pale wameandika kwamba mji ulikuwa unampelekea mfalme zaidi ya heringi 60,000 kwa mwaka, pamoja na fedha taslimu.

Nahodha, asante sana. Sikujua kabisa habari ya mto. Nilipoangalia kaskazini kutoka ufukweni niliona mabwawa ya matete tu, nikajua ni makazi tu ya ndege wa majini, bata na wenzao.

#7 Nahodha Mstaafu

Hayo matete ndiyo bandari yenyewe, Matlai. Ulikuwa unaitazama.

#8 Kitabu Wazi

Nahodha anaeleza vizuri mno, lakini kuna kitu kinachompinga, na kimo kwenye Domesday hiyohiyo. Mwandishi wa 1086 anasema hivi: zamani palikuwa na ardhi ya kutosha plau mbili kuilima, sasa imebaki ya moja, nyingine imechukuliwa na bahari. Hiyo ni miaka 200 kabla ya dhoruba yako ya kwanza. Bandari iko hai, heringi wanamiminika, mfalme anapelekewa samaki wake, na bahari inakula shamba. Kwa hiyo gema lilianza kabla ya mlango.

#9 Nahodha Mstaafu

Na mimi nakurudishia kitabu chako hichohicho. Shamba la plau moja limeondoka, lakini mji ule baada ya hapo ulipungua au uliongezeka? Uliongezeka. Makanisa matatu yakazidi kuwa mengi, watawa wakajenga, mfalme John akawapa hati ya mji mwaka 1199. Bahari inakula mbele, watu wanajenga nyuma, mji unasogea. Walijua kuishi na hasara ile kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa.

Kisha mtazameni jirani. Southwold iko kilomita chache kaskazini. Bahari ni moja, upepo ni mmoja, mchanga wenyewe ni wa ukoo mmoja. Southwold ipo mpaka leo, ina mnara wa taa, ina gati, watu wanakwenda kupunga upepo. Tofauti yao ni nini kama si mto uliomwacha huyu ukamfuata yule?

#10 Mwalimu Jiografia

Samahani, naingia kati. Nimefundisha somo hili miaka mingi na wanafunzi wangu wananijua kwa mambo ya pwani.

Southwold nayo imeliwa, Nahodha. Imesimama leo kwa sababu ina kuta na vizuizi vya kupunguza nguvu ya mawimbi, na imekaa juu ya kilima chake. Msimlinganishe mtu aliyevaa koti na asiye nalo, mkasema baridi haiumi.

Gema la Dunwich ni mchanga na kokoto, si jiwe. Mambo mawili yanaliua. Wimbi linapiga miguuni, linachimba, na sehemu ya juu inabaki inaning'inia mpaka iporomoke. Halafu mvua inaingia kutoka juu, mchanga unalowa, unakuwa mzito, unateremka wenyewe hata siku bahari imetulia. Mchanga ulioanguka ungekaa pale chini ungekuwa kinga ya gema, lakini mkondo wa pwani unaubeba kuupeleka kusini. Ukisimama ufukweni kwa Matlai maji yale ni ya kahawia. Hiyo kahawia ni Suffolk yenyewe inasafiri.

Na kuna jambo ambalo hamjaligusa. Karne hii iliyopita Dunwich imeliwa polepole zaidi kuliko zamani, na sehemu kubwa ya sababu ni mafungu ya mchanga yaliyo nje kidogo baharini, kati ya Dunwich na Sizewell. Mawimbi makubwa yanavunjikia kule. Mafungu yale yakihama, mambo yatarudi kama zamani. Na kwa taarifa yenu Sizewell ndiko kwenye vituo vya umeme wa nyuklia, kimoja kilianza 1966, kingine 1995, na cha tatu kimeanza kujengwa.

#11 Matlai

Kumbe lile kuba jeupe nililoliona kusini! Nilidhani ni kanisa la kisasa.

#12 Binti wa Pangani

Nasoma kimyakimya tangu juzi, na leo nimeshindwa kunyamaza.

Kwetu Pangani tulikuwa na kisiwa cha Maziwi. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi na alikuwa akilala kule. Alinisimulia mivinje mirefu, ukiwa chomboni unaiona kabla hujaona kitu kingine, na kasa waliokuwa wakipanda usiku kutaga, kasa wengi mpaka unachagua pa kukanyaga. Mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kikaisha. Leo ukienda maji yakipwa utakuta fungu la mchanga mweupe, watalii wanapiga picha, maji yakijaa hamna kitu.

Sasa muulize mtu yeyote Pangani kwa nini. Mmoja atakwambia mivinje ilikatwa kuni, mizizi ikaacha kushika mchanga. Wa pili atakwambia bahari imepanda. Wa tatu atakwambia mikondo ilibadilika. Babu alikuwa na yake: alisema kisiwa kilichoka kuibiwa mayai. Nimekua nikisikia hoja hizi nne barazani na sijaona mzee hata mmoja akimkubalia mwenzake. Ndiyo maana nawaelewa mnavyobishana. Mtu akipoteza mahali anataka kujua amdai nani.

#13 Mlamu Halisi

Pole sana Binti. Lakini watu wa Pangani nanyi, kisiwa kizima mmekiangusha mfukoni kama sarafu? Nakutania dada, moyo wangu uko nanyi.

Matlai, mimi nina swali la kitoto. Nimesikia wavuvi wa huko wanasema bahari ikichafuka wanasikia kengele za makanisa zinalia chini ya maji. Kweli?

#14 Matlai

@Mlamu Halisi hata mimi niliambiwa. Nilitega sikio nusu saa nzima. Nilisikia kokoto tu: wimbi likirudi linaziburuta, zinatoa mlio kama mtu anachambua choroko kwenye ungo mkubwa mno. Ukitaka kusikia kengele utaisikia humo.

#15 Fundi Mawe

Mimi ni mwashi, najenga na kubomoa. Hiyo ya kengele haiwezekani na nitaeleza kwa nini.

Kanisa halikuzama limesimama kama jahazi. Lilikuwa juu ya gema, gema linasogea, watu wanaliona linakuja miaka na miaka. Mtu mwenye akili hawezi kuacha kengele ya shaba mnarani. Shaba ni mali, madini ya risasi yaliyoezekwa paani ni mali, mawe mazuri ya pembeni ni mali. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilivunjwa na waumini wenyewe karne ya 16, wakachukua kila chenye thamani kabla bahari haijafika. La Mtakatifu Petro hivyohivyo, karibu na mwaka 1700. Kilichoanguka baharini ni maganda.

Watakatifu Wote ndilo la kuumiza zaidi kwa sababu kuna picha. Kamera zilikuwa zimeshafika. Unaliona zima, halafu miaka inapita unaliona limekatwa kipande, kisha kipande, kisha mnara peke yake unachungulia baharini, kisha hewa tupu. Na mifupa ya makaburini ilikuwa ikichomoza kwenye gema, watoto wa kijiji wanaiona wakienda kucheza. Nguzo moja ya nje ya ukuta waliiokoa, wakaihamishia kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu James, lililojengwa miaka ya 1830 bara kidogo. Matlai uliiona?

#16 Matlai

Niliiona! Imesimama peke yake kwenye majani, haishikilii ukuta wowote. Nilidhani ni mnara wa kumbukumbu ya vita. Jirani yake kuna magofu mengine madogo ya mviringo, wakasema ni kanisa la hospitali ya wakoma.

#17 Fundi Mawe

Hayo ya wakoma ni ya karne ya 12. Walijengewa nje ya mji ili wasichanganyike na watu. Kutengwa kwao ndiko kulikowaokoa na bahari. Wazima wamezama, nyumba ya wagonjwa bado imesimama. Nililisoma jambo hili nikaweka simu chini kwa muda.

#18 Mzamiaji

Kuhusu kilicho chini: nimezamia Zanzibar na Mafia, na nimewahi kuzungumza na waliozamia Bahari ya Kaskazini. Msifikiri wanaona mji. Maji ni tope, mara nyingi unanyoosha mkono huoni kiganja. Mzamiaji Stuart Bacon alianza kutafuta miaka ya 1970 na alifanya kazi kubwa kwa kupapasa. Kupapasa, si kuona. Baadaye Profesa David Sear wa Chuo Kikuu cha Southampton na wenzake wakatumia sona, vyombo vinavyotuma sauti na kuchora kinachorudi, wakatoa ramani ya mji ulivyolala. Kina chenyewe ni kati ya mita 3 na 10. Mita tatu, jamani! Mnazi mchanga ni mrefu kuliko hapo.

#19 Mtu wa Siasa

Hamjataja jambo la ajabu kuliko yote. Kijiji hiki kilikuwa na wabunge wawili mpaka mwaka 1832. WAWILI. Wapiga kura walikuwa kama 32. Manchester nzima yenye viwanda haikuwa na mbunge wake hata mmoja. Na nilisikia siku ya uchaguzi wapiga kura walikuwa wakipanda mashua kwenda kupigia kura juu ya maji, palipokuwa na ukumbi wa mji.

#20 Kitabu Wazi

Wabunge wawili ni kweli, na 32 ni kweli. Mashua ni hadithi, iache hapohapo. Mji ulipata haki ya kutuma wabunge 1298, ukiwa bado mji. Haki ikabaki, watu wakaondoka. Mwishoni familia mbili, Barne na Vanneck, ndizo zilizokuwa zikigawana viti. Sheria ya mageuzi ya 1832 ndiyo iliyoufuta mchezo huo.

#21 Mtu wa Siasa

Sawa, mashua nimeitupa. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapozaliwa. Nahodha anasema mlango wa bandari, Mwalimu anasema mchanga. Mimi nasema siasa. Mwenye kijiji ana viti viwili bungeni mfukoni mwake kwa kura 32. Atataka mji ukue ili iweje? Kila mpiga kura mpya ni gharama kwake. Ungekuwa wewe ungejenga ukuta wa bahari?

#22 Nahodha Mstaafu

Hoja tamu, lakini umechelewa miaka 400. Familia hizo zilikuta maiti. Mji ulikuwa umeshazimia tangu 1328, na miaka ishirini baadaye ikaja tauni kubwa ikachukua watu Uingereza nzima. Hata ukuta, kwa ufundi wa siku zile, kwenye mchanga ule, ungedumu msimu mmoja.

#23 Mwalimu Jiografia

Hapo kwenye ukuta naungana na Nahodha. Hapo tu.

#24 Msafiri wa Devon

Hodi. Mimi niko Plymouth, kusini magharibi. Mtu wa Siasa asikate tamaa, kuna kijiji kilichouawa na maamuzi ya watu, kiko huku kwetu. Kinaitwa Hallsands. Wavuvi watupu, nyumba zimejengwa kwenye mwamba, na mbele yao ufukwe mpana wa kokoto ndio ngao. Kuanzia 1897 wakandarasi wakaruhusiwa kuchota kokoto baharini mbele ya kijiji, kwa ajili ya kupanua gati za jeshi la majini hapa Plymouth. Wavuvi wakalalamika, wakaambiwa bahari itarudisha. Haikurudisha. Ufukwe ukashuka mita kadhaa. Uchotaji ulipositishwa mwaka 1902 kazi ilikuwa imeshafanyika. Usiku wa 26 Januari 1917 ikaja dhoruba ya mashariki maji yakiwa yamejaa, asubuhi kijiji hakikaliki. Watu wote walipona. Ukienda leo unatazama kutoka juu, unaona kuta mbili tatu zimeng'ang'ania mwamba.

#25 Binti wa Pangani

"Bahari itarudisha." Kunduchi nako walikuwa wakichota mchanga wa mito, mchanga unaotakiwa ufike ufukweni, na hoteli ya pale ikabaki magofu. Sentensi ni ileile.

#26 Kitabu Wazi

Msafiri, Hallsands ni kweli tupu, ila tusiihamishie Dunwich. Ni pwani nyingine, mawe mengine. Hakuna aliyechota kokoto za Dunwich kwa kiwango hicho mwaka 1286.

#27 Katekista

Mimi nimevutwa na la askofu. Tumefundishwa kwamba Mtakatifu Felix, aliyetoka Burgundy, alipewa kiti cha uaskofu pale mnamo mwaka 631. Mbona hamumtaji?

#28 Kitabu Wazi

@Katekista kwa sababu kuna mgogoro. Beda, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Uingereza, aliandika kwamba kiti cha Felix kilikuwa mahali panaitwa Dommoc. Wengi kwa karne nyingi wakasema Dommoc ndiyo Dunwich. Wengine wanasema ni Walton, ngome ya Warumi karibu na Felixstowe, kusini zaidi. Ungetarajia tuchimbe tujue. Ngome ya Walton nayo imeshaanguka baharini. Kwa hiyo mashahidi wote wawili wako chini ya maji.

#29 Mlamu Halisi

Bahari ile imeamua kutunza siri.

Nami niwape la pembeni. Mwaka 1328 Dunwich inafungwa mlango. Mwaka 1331 Ibn Battuta anashuka Kilwa na kuisifu kuwa katika miji mizuri kuliko yote. Miaka mitatu tu. Bandari moja inazibwa kokoto, nyingine iko kileleni, na hawajuani kabisa. Na leo Kilwa Kisiwani nako mawimbi yanakula misingi ya magofu.

#30 Mwalimu Jiografia

Mlamu, Kilwa anzishia uzi wake. Nitakuja.

#31 Matlai

Wakuu, nimerudi. Nilikuwa off jana, nikaenda tena Dunwich peke yangu: treni mpaka Darsham, kutoka pale teksi. Safari hii nimeenda na maneno yenu kichwani.

Nilianza kwenye matete. Nilisimama nikajaribu kuona milingoti. Nikapita kwenye ukuta wa watawa wa Greyfriars, nikaenda kwenye lile jiwe. Safari ya kwanza sikupima, safari hii nimepima kwa hatua zangu, nimeandika kwenye simu, na nitapima kila nikija. Kuna pande la gema lililokuwa na kichaka cha maua ya njano, nina picha yake ya mara ya kwanza. Kichaka sasa kiko chini ufukweni, mizizi juu, na maua bado hayajanyauka. Kwa hiyo ni juzi au jana yake.

Kwenye gema kuna matundu mengi ya mbayuwayu, wanachimba kwenye mchanga huohuo. Walikuwa wanaingia na kutoka kama hakuna lililotokea. Picha ninapakia sasa hivi, @Dira usinidai tena.

Nilimuuliza yule mama wa makumbusho, kwa maoni yako ni bahari, ni bandari, au ni watu? Akacheka, akaniambia nirudi majira ya baridi.

#32 Nahodha Mstaafu

Hatua ngapi kutoka kwenye jiwe? Na siku lile pande lilipoanguka upepo ulikuwa unatoka wapi?

#33 Matlai

Hatua tano zangu, na mimi ni mfupi. Upepo nimeangalia kwenye taarifa za hali ya hewa: siku mbili mfululizo, kaskazini mashariki.

#34 Mwalimu Jiografia

Na mvua je? Angalia na mvua.

#35 Matlai

Ilinyesha wiki nzima kabla.